Poda kwenye Injini

Mume wangu alipolileta gari lile Kasulu, majirani walilicheka kabla hajalizima. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, rangi imeanza kupauka kwenye boneti, na lilikaa chini kiasi kwamba ukitaka kupanda ilikubidi kwanza uchuchumae. Gari la michezo, tena la zamani, lililotengenezwa kwa ajili ya watu wenye barabara. Sisi wakati huo lami tulikuwa tunaisikia kwenye ahadi. Jirani yangu wa upande wa juu, mwanamke mwenye mdomo wake, alitoka uani, akanipigia makofi ya salamu kama sisi Waha tunavyosalimiana, halafu akanipa pole. Alisema mwenzangu ameniletea mke mwenza, tena anayejipaka rangi. Nikamwambia mke mwenza asiyekula ugali wangu ni afadhali abaki.

Jina likaganda. Mtaa mzima wakaliita Mke Mdogo, na mimi nikawa Mke Mkubwa, nikacheka nao. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya kupeleka chakula kwenye kambi za wakimbizi. Alishaendesha Nyarugusu, alishaendesha Mtendeli tangu ilipofunguliwa tena, siku nzima yuko juu kwenye lori, mgongo unauma, mbele yake vumbi la lori lililotangulia. Aliniambia tangu uchumba kwamba siku moja atanunua gari ambalo ukikaa ndani unakuwa karibu na ardhi. Mimi nilidhani ni maneno ya kijana. Kumbe mwanamume anaweza kubeba jambo kama hilo kifuani miaka yote na asilisahau.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mtaani wananiita Mwalimu, na yeye pia aliniita hivyo, kwa utani ulioanza tukiwa wachumba ukakaa. Nami nilimwita Dereva. Nalieleza hili kwa sababu lina uzito wake. Huku kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake, na mume wake vilevile, na yale majina yao ya mwanzo yanabaki kwenye vitambulisho. Sisi tulibaki Mwalimu na Dereva. Nilishika mimba zaidi ya mara moja, hazikukaa. Baadaye hazikuja tena. Mama mkwe, ambaye anakaa Kibondo, alikuwa mpole kwangu usoni, lakini neno mgumba lilinifikia kwa njia zake, na kwa Kiha na kwa Kiswahili neno hilo limekaribiana kiasi kwamba huwezi kujifanya hujaelewa. Mume wangu hakuwahi kulitamka. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Sasa gari. Gari lilikuwa linachemka. Ukilipeleka sokoni na kurudi, lilikuwa tulivu kama mgeni siku ya kwanza. Ukilipandisha mlima, mshale wa joto ulianza kupanda nalo, na kabla hujafika juu mvuke mweupe ulikuwa unatoka chini ya boneti. Na Kasulu ni milima. Ukienda ni kupanda, ukirudi ni kupanda. Mafundi wa mjini walikuwa na dawa moja kwa kila gari linalochemka, nayo ni kung'oa thamostati. Hicho ni kilango kidogo kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Wao waliona kinazuia maji, basi kitoke. Walikitoa siku tuliyowaachia gari watufungie taa. Baada ya hapo asubuhi, na baridi yetu hii ya milimani, injini haikupata moto, na mlimani ikachemka vilevile. Mume wangu alinuna siku nzima. Jioni akasema kuanzia leo hili gari halishikwi na mtu mwingine, litashikwa na sisi wawili.

Mimi nililisikia lile "sisi wawili". Hayo mengine ya thamostati nilijifunza baadaye.

Alinifundisha kusoma maboksi. Jioni tulitandika maboksi yaliyofunguliwa chini ya injini, asubuhi tunayatoa na kuyaweka juani kama mtu anayeanika mihogo, kisha tunainama kuyatazama. Doa jeusi ni oili ya injini. Doa jekundu ni ya usukani. Doa la kijani ni maji ya rejeta, yale ya dawa, maana alikataa kabisa maji ya bomba tangu alipoona kutu iliyokuwa ndani. Gari lile lilivuja yote. Nilimwambia amenunua chujio. Tukaanza na oili, gasketi ya kifuniko cha juu, halafu sili ya mbele. Nilikuwa na mikono midogo inayofika kule mikono yake isikofika, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona raha ya kuwa na mikono midogo. Shuleni nilifika na kucha nyeusi. Mwalimu mkuu aliniuliza kama nimeanza kilimo cha mkaa.

Poda ilikuja hivi. Injini ikishalowa kila mahali huwezi kujua uvujaji unaanzia wapi, kwa sababu oili na maji hutambaa. Kwa hiyo unaiosha injini kwa sabuni, unaikausha, halafu unainyunyizia poda nyeupe, ile ya watoto wachanga, mpaka inakuwa kama imemwagiwa unga. Ukiiwasha ikapata moto, pale penye tundu poda inalowa kwanza, na unauona mstari mwembamba unaoshuka. Unaufuata kwenda juu mpaka mwanzo wake. Aliniambia alijifunza hivyo kwa dereva mwenzake wa Kikongo kule kambini.

Tulikwenda kuinunua pamoja, dukani kwa mzee mmoja ambaye baba yake alikuja huku kutoka Tanga na yeye bado anaongea kama mtu wa pwani. Mume wangu aliomba poda ya mtoto, kopo kubwa. Yule mzee alinitazama, akamtazama mwenzangu, uso wake wote ukafunguka.

“Mashaallah,” akasema. “Hongereni, wanangu. Mungu si Athumani.”

Mume wangu alipokea kopo, akashukuru, akanishika mkono tukatoka. Hakumsahihisha. Njiani tulicheka mpaka watu wakatugeukia. Yeye alikuwa anaiga sauti ya mzee, anasema mtoto wetu ana milango miwili na anakojoa kijani. Tulipofika nyumbani nikaingia chumbani kubadili nguo za kazi, nikajikuta nimekaa kitandani sicheki tena. Aliingia, akakaa karibu yangu, hakuuliza. Halafu tukatoka kwenda kuipaka poda injini.

Kwa kweli hayo yalikuwa maisha mazuri. Nasema hivyo ili mtu asije akadhani nilikuwa naishi na mwanamume mbaya.

Kambi ya Mtendeli ilipofungwa na watu wake kuhamishwa au kurudi kwao, kazi yake ilihamia Kibondo mjini. Ikawa anakaa kule wiki nzima, amepanga chumba, na Jumamosi anakuja kwa basi. Lami ilikuwa imeshafika, na ndoto yake yote ilikuwa kulichukua Mke Mdogo kutoka Kasulu mpaka Kibondo, madirisha wazi, bila kusimama. Lakini gari halikuweza safari ile. Tulijaribu mara moja likachemka kabla hatujauacha mji, tukarudi tukiliviringisha kwenye mteremko injini imezimwa, na mama mwenye mdomo yuko kizingitini kwake anatungoja.

Basi kila Jumamosi ikawa ya gari. Rejeta ya zamani ilikuwa na vichwa vya plastiki vilivyopasuka. Tuliipeleka kwa fundi mmoja Mkongo anayechomelea karibu na stendi, akaigeuzageuza, akanirudishia mikononi. “Maman, hii imechoka, haiko ya kusudeya tena,” alisema, yaani haichomeleki. Tukaagiza nyingine kutoka Dar, ya aluminiamu tupu, nene kuliko ya kwanza, ikaja kwenye basi imefungwa na magodoro. Nilimsaidia kuikata fremu kidogo ili ikae. Tukaweka feni mbili za umeme badala ya ile moja ya kizamani. Tukabadilisha wota pampu. Tukarudisha thamostati, mpya, na siku hiyo mume wangu aliifunga taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha marehemu mahali pake. Mipira ya maji yote ya mbele tuliivua, tukaweka migumu yenye nyuzi ndani.

Joto lilipungua sana. Ila maji yaliendelea kupotea. Maboksi yalikuwa makavu, hayana doa hata moja la kijani, lakini ukifungua kifuniko asubuhi maji yameshuka. Mume wangu alisema sasa tumebakiza mvujo mmoja tu, na huo ni mchawi.

Mimi sikuwa na haraka na huyo mchawi. Jumamosi nilipika mapema, migebuka ya ziwani na ugali wa muhogo, nikavaa gauni langu la oili, nikakaa kwenye ngazi kusubiri basi la Kibondo. Jumamosi moja nilikuwa jikoni nikasikia hodi. Nikaitika karibu nikidhani ni mgeni. Alikuwa yeye, amesimama nje ya mlango wake mwenyewe na mfuko wake begani. Nikamuuliza tangu lini mwenye nyumba akabisha hodi kwake. Akacheka, akasema ni mazoea ya kule anakopanga. Nikamwambia aingie na mazoea yake. Nguo alizokuja nazo nilizifua kama kawaida. Mashati yalikuwa yananukia poda, na mimi nikiyasugua nilikuwa najisemea kwamba hii kazi yetu ya gari haitoki nguoni hata mtu akikaa wiki nzima Kibondo.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo poda yetu ilikuwa imekwisha. Yeye alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu nje. Aliniambia nimletee vibano vya mipira, viko kwenye mfuko wake. Nikafungua mfuko. Chini ya vibano nikaona kopo la poda, ile ile ya mtoto, dogo kidogo kuliko letu, limeshatumika. Nilifurahi. Nilijua jinsi anavyosahau vitu, na nikaona leo amekumbuka mwenyewe bila kuambiwa. Nikatoka nalo, nikaliegemea gari upande wa injini, nikafungua kifuniko na kuanza kunyunyizia kwenye mipira.

Sijui aliona nini kutoka kule chini. Labda poda ilimwangukia usoni. Alitoka haraka akasimama.

“Mwalimu,” akasema, “hiyo si ya gari.”

Nikacheka. Nikamwambia kama ni ya kwake basi amezidi ujana. Nikaendelea kunyunyizia. Hakucheka. Alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono, kidole baada ya kidole, na mikono yenyewe ilikuwa misafi. Hapo ndipo mkono wangu uliposimama. Nilitazama lile kopo. Nikamtazama yeye. Nikayakumbuka mashati.

“Ana umri gani?” nikamuuliza.

Alisema ameanza kutambaa.

Tulikaa pale pale kwenye ngazi akanieleza. Mwanamke alikuwa anapika kwenye kantini ya kazini kwao. Mtoto ni wa kike. Mama mkwe alimjua tangu alipozaliwa. Alikuwa anakwenda kumwogesha. Yote hayo niliyasikiliza vizuri tu, kama mtu anayesikiliza habari za mtaa wa pili. Kilichonivunja kilikuwa kidogo. Alipokuwa anasimulia alisema kwamba siku fulani mtu alimwita pale stendi ya Kibondo, na akataja jina aliloitwa. Baba Fulani. Alilitaja bila kufikiri, akaendelea na maneno. Mimi nilibaki kwenye lile jina. Kumbe Kibondo ameshapata jina. Miaka yote tuliyoishi kama Mwalimu na Dereva, na mwenzangu ameshavuka kwenda upande wa pili, watu wanamwita barabarani naye anageuka. Nililia hapo, kwa sauti, na jirani yangu alitoka uani kwake, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akarudi ndani bila kusema neno.

Mume wangu naye alilia. Sikumfukuza wala sikumtukana, ingawa matusi ninayo. Alisema hataki kuniacha, nyumba ni yangu, ila mtoto anamhitaji, na hawezi kulala mbali naye. Nilimuuliza basi kwa nini amekuwa akija kila Jumamosi. Nilitaka jibu moja tu, neno fupi. Angelisema ningelihifadhi mpaka kaburini.

“Nisingeliacha gari likiwa vile,” alisema.

Aliondoka kesho yake kwa basi. Kopo alilisahau juu ya injini.

Wiki ile nilifundisha kama kawaida. Niliwaadhibu watoto kwa makosa madogo nikaona haya, nikawapa mchana mzima wa kuchora. Na kichwani lilikuwa linazunguka jambo moja. Maji bado yalikuwa yanapotea. Maadamu yanapotea, Jumamosi atakuja. Atabisha hodi, nitasema karibu, tutainama pamoja chini ya boneti bega kwa bega, na kwa saa chache nitakuwa na mume. Ningeweza kuishi hivyo. Wanawake wengi wanaishi kwa kidogo kuliko hicho. Ningeuacha ule mvujo mahali pake, nisiutafute kamwe, na Jumamosi zingeendelea kuja.

Lakini mimi nina hasira, nilizaliwa nazo. Sikuweza kuvumilia kwamba mtu anasafiri kuja kwangu kwa sababu ya mpira uliochoka. Nilitaka kujua kama atakuja gari likiwa zima. Hilo ndilo nililotaka kulijua, na njia ilikuwa moja tu.

Poda yake sikuigusa. Kwenda dukani kwa yule mzee wa Tanga kununua nyingine, nisingeweza, hata kama angekaa kimya. Nikachukua unga wa muhogo kutoka jikoni. Niliosha injini, nikaifuta mpaka ikakauka, nikaipepetea unga kwa chujio la chai. Jirani yangu aliniona. Kesho yake nilisikia sokoni kwamba Mwalimu analiwekea gari limbwata ili mwanamume asiondoke. Walikuwa wamegeuza mambo juu chini, wala sikuwasahihisha.

Niliwasha injini nikaiacha ipate moto, nikaikanyagia mafuta kama inapanda mlima. Mbele pote palibaki pakavu. Nikalala kifudifudi kwenye ukingo wa gari, chini ya boneti iliyofunguliwa, nikachungulia nyuma ya injini, kwenye ukuta unaotutenganisha nayo. Kuna mpira mfupi kule unaopeleka maji kwenye hita ya ndani. Hatukuubadilisha kwa sababu haukuonekana. Nilisikia kwanza harufu, tamu, ile harufu ya maji ya rejeta yakiungua. Halafu nikauona mstari. Mwembamba kama uzi wa kushonea, umelowesha unga, unashuka mpaka kwenye bomba la moshi na kukaukia pale pale kabla ya kudondoka. Ndiyo maana maboksi yalikuwa makavu. Mpira ulikuwa na ufa ambao ukipoa unajifunga. Nilizima gari, nikakaa ndani yake muda mrefu, karibu na ardhi, nikijua kwamba nimeshaupata mvujo wa mwisho.

Jumamosi alikuja. Nilimwonyesha. Alitazama unga, akatazama ufa, akasema, “Mwalimu, umemkamata.” Alikuwa na furaha kwelikweli, uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya rejeta mpya, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kumwona amefurahi. Tulikuwa na kipande kimoja kilichobaki cha ule mpira mgumu. Mikono yake haikufika kule nyuma. Ilifika yangu. Nilivua wa zamani, nikavika mpya, nikakaza vibano vyote viwili, yeye amenishikia tochi. Tukajaza maji, tukafungua hita mpaka mwisho, tukatoa hewa mpaka mapovu yakakoma.

Tulikwenda kulijaribu njia ya Muyama, kwa sababu vilima vya kule havina huruma. Nilikaa upande wa abiria na macho yangu kwenye mshale. Tulipanda, tukashuka, tukapanda tena, katikati ya migomba na mashamba ya maharage, watu wakisimama na majembe kututazama. Mshale ulifika katikati ukakaa hapo. Juu kabisa alisimamisha gari bila kuzima injini, feni zikaanza kuzunguka zenyewe, zikazunguka, zikakoma, na mshale haukusogea. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu. Nikauacha. Nilijua sitakuwa na safari nyingine kama ile na nikajitahidi kuitazama vizuri, lakini macho yalikuwa yamejaa maji na sikuona sana.

Tuliporudi nyumbani alikula, akaoga. Safari hii hakwenda stendi. Aliweka mfuko wake kwenye kiti cha gari nilichokuwa nimekalia mimi, na lile kopo la poda nililokuwa nimemwekea pembeni nikamkabidhi mkononi. Alisema atakuja Jumamosi. Nikamwambia sawa. Jioni alipiga simu kuniambia amefika Kibondo bila kusimama hata mara moja, na hata tone halijapungua.

Jumamosi nilipika. Jumamosi iliyofuata pia. Alipiga simu akasema mtoto ana homa, nyingine akasema kazi zimebana, nyingine hakupiga. Baada ya hapo niliacha kununua migebuka, maana samaki mmoja mkubwa ni mwingi kwa mtu mmoja.

Simu niliyopigiwa mwishowe ilikuwa ya namba nisiyoijua. Nilikuwa ofisini na walimu wenzangu, muda wa mapumziko. Alikuwa mwanamume mwenye adabu, mfanyabiashara wa Mabamba kule mpakani. Alinisalimu kirefu kama inavyopasa, akauliza habari za nyumbani, kazi na afya, halafu akasema amenunua gari jekundu la milango miwili pale Kibondo. Mwenyewe ameliuza achukue la familia. Alisema amelikagua kwa fundi na fundi amelisifu sana, mfumo wa maji kama ule hajawahi kuuona. Ila alitaka kujua anatia maji gani.

“Mwenyewe amenipa namba yako,” akasema. “Ameniambia kuna mwalimu Kasulu, ndiye fundi wake.”

Nikamweleza. Nikamwambia asitie maji ya bomba, atie yale ya kijani. Nikamwambia mtu yeyote asimng'olee thamostati, hata akiapa. Asubuhi aliache lipate moto kabla ya kupanda mlima. Alikuwa ananirudia kila neno ili asisahau. Alipomaliza akaniuliza, kwa unyenyekevu, kama likija kuvuja tena anaweza kuniletea, hata Jumamosi, siku ambayo sina kazi.

Nikamwambia halitavuja.

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika, mpira wa mwisho niliukaza kwa mikono yangu. Akanishukuru, akaniombea kheri, akakata. Nilibaki na simu mkononi, nikalia pale mbele ya wenzangu wote, na waliponizunguka kuniuliza nani amekufa, sikuwa na jina la kuwatajia.